Mapumziko Kando ya Ziwa

Wengi wetu twataka kuwapeleka watoto Kasanga, ziwani Tanganyika, likizo ifikapo. Ni vema, lakini mtu asishuke bila kufikiri. Sumbawanga yetu yapata mita 1,800 juu ya bahari, na ziwa mita 770 tu: huko ni joto, na mbu ni wengi. Mtoto aliyekulia penye baridi hushikwa na malaria upesi. Basi kabla ya nguo nzuri, tafuteni chandarua. Akipatwa na homa, hata mkiwa mmekwisha kurudi nyumbani, apelekwe hospitali siku ile ile, apimwe damu. Ziwani mna mamba. Waulizeni wenyeji mahali pa kuogea. Tena ulizeni mapema saa ya Misa, maana Dominika haina likizo. Mungu awarudishe salama.