Zanzibar si Goma yenye bahari: Kiswahili peke yake hakimtoshi msafiri

Mkaaji wa Goma anayekwenda Dubai au Guangzhou kutafuta bidhaa anajua toka mwanzo kwamba anakwenda ugenini. Anawauliza waliotangulia, anapanga kartasi zake, anajifunza nini kinakatazwa. Lakini anayekwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza mara nyingi haulizi kitu. Anasema: kule wanaongea Kiswahili, ni ndugu zetu, na Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Basi anafunga valizi na kwenda.

Hapo ndipo makosa yanaanzia. Mzungu akikosea Unguja, watu wanasema hajui. Mkongomani akikosea, watu wanasema hana adabu, maana wamemsikia akisema lugha yao wenyewe. Kwa Wazanzibari, lugha na adabu ni kitu kimoja. Anayekuja na Kiswahili anahesabiwa kuwa amekuja na heshima zake zote. Ndiyo maana mtu wa Goma anapaswa kujiandaa zaidi ya mtalii wa Ulaya, wala si chini yake.

Kwanza ajue anakwenda wapi. Zanzibar ni visiwa, vikubwa vyake ni Unguja na Pemba, vyenye watu wapatao milioni 1.9 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Karibu wote ni Waislamu. Iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, lakini ina rais wake, baraza lake la wawakilishi na bendera yake. Mgeni anayeiita "mkoa wa Tanzania" mbele ya wenyeji ameanza vibaya. Hata anayetoka Dar es Salaam kwa boti atakuta afisa wa uhamiaji bandarini Unguja, naye ataomba pasipoti.

Kuhusu kartasi, hapa ndipo familia nyingi zinaweza kupoteza akiba ya mwaka mzima. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, safari inaanzia kwenye bariera, inapita Gisenyi hadi Kigali, na kutoka hapo ni ndege au basi la kupitia Rusumo. Kuna watu waliozoea kuvuka kwa kartasi ya CEPGL hata wakasahau kwamba jumuiya hiyo ni ya inchi tatu tu: Kongo, Rwanda na Burundi. Kartasi hiyo inaishia Rusumo. Tanzania inataka pasipoti. Inataka pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayetoka Kongo, na kadi hiyo inapaswa kuonyesha kwamba chanjo imepita siku kumi. Tena, tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawadai wageni wa nje bima ya safari ya dola 44. Sheria za viza na bima zinabadilika, na wanachama wa Jumuiya wanaweza kuwa na masharti yao. Kwa hiyo aulize ubalozi au kampuni ya ndege kabla ya kulipa tiketi, si baada.

Kisha pesa. Goma mtu analipa kwa dola dukani, kwenye hoteli, hata sokoni Virunga. Mazoea hayo ayaache nyumbani. Tangu mwisho wa Machi 2025, sheria ya Tanzania inakataza bei na malipo ya ndani kwa pesa za kigeni. Mambo yanakwenda kwa shilingi. Dola zibadilishwe benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye kibali, na risiti itunzwe. Atakayebadilisha na kijana wa pembeni bandarini amejitafutia mwenyewe.

Sasa lugha yenyewe. Kiswahili cha Goma ni lugha kamili na hakuna sababu ya kukionea haya. Lakini maneno yanageuka yakivuka maji. Kwetu "yaya" ni kaka au dada mkubwa. Kule yaya ni mtumishi anayelea watoto. Mtu akimwita hivyo mama mwenye nyumba, amemshusha cheo bila kujua. Sombe kule wanaiita kisamvu, lengalenga ni mchicha, na anayetafuta sambaza aulize dagaa. Motari anaitwa bodaboda. Hayo ni madogo, watu watacheka na kusaidia. Kubwa ni namna ya kuanza maneno. Goma mtu anafika dukani na kusema "nipe maji". Unguja hiyo ni amri. Kule mtu anasalimu kwanza, anauliza habari za asubuhi, za nyumbani, halafu anasema "naomba maji". Mtu mzima anaamkiwa "shikamoo", neno ambalo wengi wetu hatulitumii. Mlangoni anapiga hodi na kungoja "karibu". Dakika mbili za salamu zinafungua milango ambayo pesa haifungui.

Mavazi hayana ugumu mkubwa. Mama wa Goma aliyevaa kitenge chake mpaka chini, na kitambaa kichwani, anapita Darajani na Mji Mkongwe bila mtu kumgeukia. Nguo fupi na mabega wazi viachwe ufukweni penye hoteli. Mwanaume naye asitembee mjini kifua wazi. Viatu vinavuliwa mlangoni, chakula kinashikwa kwa mkono wa kuume, na msikitini mtu asiye Mwislamu haingii bila kukaribishwa. Wapenzi wasibusiane barabarani. Picha ya mtu haipigwi kabla ya kuomba ruhusa.

Pombe ipo, lakini mahali pake ni hoteli na baa zenye kibali. Kutembea barabarani na chupa mkononi, kama inavyoonekana mitaani kwetu siku ya posho jioni, ni matusi. Mwezi wa Ramadhani ni jambo zito zaidi: migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na Machi 2024 polisi wa Zanzibar walikamata watu kadhaa kwa kula hadharani wakati wa mfungo. Anayetaka likizo ya kula na kunywa achague mwezi mwingine. Anayekwenda Ramadhani, ale ndani mchana, na jioni aende Forodhani aone watu wanavyokula kwa furaha baada ya kufungua.

Na kuna jambo linalowahusu walokole wetu. Goma mhubiri anasimama njia panda na kipaza sauti, hakuna anayeshangaa. Zanzibar asijaribu. Wakristo wako huko na wanaabudu kwa amani. Kanisa katoliki la Mtakatifu Yosefu, linaloitwa Minara Miwili, liko katikati ya Mji Mkongwe. Jumapili aende akasali pale. Imani yake haitapungua kwa sababu ameinyamazia barabarani.

Wengine watapinga. Watasema Zanzibar inaishi kwa watalii, kwamba Nungwi na Paje Wazungu wanalala mchangani nusu uchi na kunywa bia mchana kweupe. Kwa nini Mwafrika mwenzao ndiye abanwe? Swali ni la haki. Lakini ufuko wa hoteli si mtaa wa watu. Wenyeji wamevumilia yale kwa sababu ya mkate, si kwa sababu wameyapenda. Tena, Mzungu baada ya wiki moja anarudi kwao na hakuna anayemkumbuka. Mkongomani mmoja akilewa na kutukana, kesho Mkongomani mwingine anayetafuta chumba cha kupanga ataulizwa maswali. Katika miaka hii ambayo vita imewatawanya watu wa Kivu pande zote, jina la Mkongomani ugenini ni mali ya wote. Na huyo anayefikiria kubaki na kutafuta kazi ajue kwamba ruhusa ya kutembea si kibali cha kazi.

Kuhusu bahari, mtu wa Kivu asijidanganye kwamba maji ni maji. Ziwa letu halipwi wala halijai. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, bahari inarudi nyuma mbali sana, watu wanatembea palipokuwa maji, kisha inarudi kwa haraka. Mgeni aulize wavuvi saa za kupwa na kujaa, na avae viatu vya maji, kwa maana chini kuna mawe makali na viumbe vyenye miiba. Boti pia. Goma haijasahau tarehe 3 Oktoba 2024, boti ilipozama karibu na Kituku watu wakiiona kutoka ufukoni. Zanzibar nayo haijasahau Spice Islander ya Septemba 2011, wala Skagit ya Julai 2012. Somo ni moja pande zote mbili: chombo kilichojaa kupita kiasi hakipandwi, hata kama nauli ni nusu. Tiketi iandikwe jina, na koti la kuokoa maisha livaliwe, lisikaliwe.

Mwisho, kuna ziara moja ambayo Mkongomani hapaswi kuikosa. Kanisa kuu la Anglikana, Mkunazini, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa 1873. Miaka miwili kabla, Julai 1871, David Livingstone aliona wafanyabiashara wakiua watu kwa bunduki katika soko la Nyangwe, huko Maniema, na habari hiyo ilipofika Uingereza ilisukuma kufungwa kwa soko la Unguja. Si mbali na kanisa inasimama nyumba ya Tippu Tip, yule aliyetawala Kasongo kwa bunduki na pembe za ndovu, akafia Zanzibar 1905. Misafara yake na ya wenzake ndiyo iliyokileta Kiswahili kwetu. Lugha tunayojivunia ilifika Kongo kwa barabara ileile iliyowachukua mababu wengine wamefungwa minyororo.

Hayo si ya kumchukia mwenyeji wa leo. Kati ya Wazanzibari wako wengi ambao mababu zao walitoka bara kwa njia hiyohiyo. Ni ya kumfanya msafiri wa Goma asitembee pale kama mtalii wa picha tu. Nyumba hiyo inamhusu. Na anayeingia nyumba inayomhusu anapiga hodi, anavua viatu, anasalimu wakubwa, kisha ndiyo anakaa.