Hela tunaijua, je, Skonto?

Msimu wa pamba unapofika, mkulima wa Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, huuliza jambo moja: hela inatoka lini? Wengi hawajui kuwa neno hilo lina asili ya Kijerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo iliyoanza kutumika mwaka 1904 katika utawala wa Wajerumani, na heller 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Mkoloni aliondoka, neno likabaki.

Biashara nayo haikukatika. Soko la pamba la Bremen lipo tangu 1872. Mpango wa Cotton made in Africa, unaowahusu pia wakulima wa Tanzania, ulianzia Hamburg mwaka 2005. Wilayani Meatu, iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga hadi 2012, mradi wa pamba ya kilimo hai wa bioRe ulianza 1994 kwa ushirikiano na kampuni ya Remei ya Uswisi, upande wa nchi hiyo unaozungumza Kijerumani.

Ni kweli kwamba bei ya pamba duniani hutajwa kwa senti za Dola, na Kiingereza ndicho kinachotawala katika mikataba. Kuna haja gani basi ya Kijerumani? Kwa maoni yangu, haja ipo, lakini ni ya maneno machache yanayogusa mfuko.

Tuanze na tarakimu. Mjerumani akiandika 1.500, maana yake ni elfu moja na mia tano, si moja na nusu. Nukta yake ni mkato wetu, na mkato wake ni nukta yetu. Akisema Milliarde anamaanisha bilioni. Billion yake ni trilioni. Uzito nao una mtego: Zentner ya Ujerumani ni kilo 50, ya Uswisi ni kilo 100.

Lipo pia neno Skonto, yaani punguzo kwa mnunuzi anayelipa mapema. Tuseme ankara ni ya Euro 10,000, muda wa kulipa ni siku 30, na Skonto ni asilimia 2 akilipa ndani ya siku 10. Muuzaji atapokea Euro 9,800. Amepoteza 200 ili apate fedha siku 20 mapema. Kama angekopa 9,800 benki kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, siku hizo 20 zingemgharimu Euro 107 hivi. Asiyelijua neno hilo atatia saini akidhani ni jambo dogo, na pengo hilo mwishowe humshukia mkulima kwenye bei ya kilo.

Si lazima kila mkulima aende darasani. Inatosha vyama vya ushirika na viwanda vya kuchambua pamba kuwa na mtu mmoja anayeelewa Rechnung (ankara), Anzahlung (malipo ya awali) na Bürgschaft (dhamana). Uzito uandikwe kwa kilo, na kiasi cha fedha kiandikwe kwa maneno pia.

Ndugu msomaji, kwa Kijerumani neno Schuld lina maana mbili: deni na hatia. Tusome mkataba kabla ya kusaini, tusije tukabeba vyote viwili.