Baba Placide na Swali Lake



Katika vikundi vyetu hapa Lubumbashi tumezoea kuomba mafundisho. Tukikutana tu, tunamtafuta mtu wa kutufundisha: padri, sista, au mkubwa fulani aliyerudi kutoka masomoni. Tunaandika, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani na daftari lililojaa. Si vibaya. Lakini naona tumeanza kudhani kwamba imani hupita kutoka daftari moja hadi jingine, na kwa hiyo napenda kuwakumbusha jambo lililotokea katika nchi yetu hii ya Katanga.

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alikuja kama wengi wa wakati ule, mwalimu mwenye ukweli wote mkononi, mbele ya watu aliodhani hawana cha kumpa. Alifundisha miaka mingi. Watu walimsikiliza kwa heshima, ila yeye mwenyewe aliona kwamba maneno yake hayashuki mioyoni. Ndipo akageuza njia, akaanza kuuliza: wewe ni mtu wa namna gani? Unatamani nini kuliko yote? Majibu yaliyomrudia yalihusu mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Watu walitaka kuishi kwa utimilifu, kuzaa na kuendeleza uhai, na kuwa kitu kimoja na wenzao. Naye akatambua kwamba hayo ndiyo aliyoyatamani yeye pia tangu zamani, na kwamba Injili yenyewe ndiyo inayoyazungumzia. Teolojia alikuwa ameisoma yote kabla ya kupanda meli. Haikumwonyesha jambo hili mpaka alipoketi na watu.

Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa mjini kwetu, wakati ule Elisabethville. Kimesifiwa sana na kukosolewa sana, na wanafalsafa Waafrika waliokikataa wana sababu zao. Mimi naona lililofuata lina thamani kuliko kitabu. Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao, ilizaliwa Jamaa. Mtu hakuingia humo kwa kufaulu mtihani. Aliingia pamoja na mwenzake wa ndoa, wakiongozwa na baba na mama waliowatangulia, wakiyajaribu waliyoyasikia katika maisha ya nyumba yao wenyewe, penye ugomvi, njaa na upatanisho.

Wazee watanijibu kwamba njia hii ina hatari, na wana haki. Vilitokea vikundi vilivyopotoka, vilivyoitwa Katete, na maaskofu walilazimika kuingilia kati. Kila aliyeota ndoto akaweza kudai kwamba ameona nuru. Hata ndani ya Jamaa yenyewe, kile kilichoanza kama kukutana kiligeuka kwa wengine kuwa masomo ya kukariri: njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mang'amuzi ya baba hayarithiwi na mwana kama shamba.

Kwa hiyo tusiseme ovyo kwamba kila ninachojisikia ni nuru. Tempels hakuangaziwa akiwa peke yake chumbani. Aliangaziwa na mtu aliyeketi mbele yake, mtu aliyeweza kumkatalia na kumwambia, hapana Padri, sivyo ninavyotaka. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Na mwalimu hatupwi. Watu wa Samaria walimwambia yule mama wa kisimani kwamba sasa hawaamini tena kwa sababu ya maneno yake, maana wamemsikia Yesu wao wenyewe. Lakini bila maneno ya mama yule wasingetoka mjini.

Tunapokwenda kuwaona wafungwa wa Kasapa au wagonjwa wa Sendwe, mara nyingi tunakwenda na sabuni, wimbo, na hotuba. Sabuni ni njema, wimbo pia. Hotuba ndiyo ningependa ibaki nyumbani safari moja. Keti na mfungwa, muulize anatamani nini kuliko yote, kisha unyamaze mpaka amalize. Kijana aliyefanya hivyo na kijana aliyesikia mahubiri mazuri juu ya Mathayo sura ya 25 hawajui kitu kimoja, hata kama wote wawili wanaweza kuyasimulia maneno ya sura hiyo.

Nanyi msisahau kwamba wazee wa Jamaa wangalipo katika parokia zetu, ingawa wanapungua. Nendeni kwao. Msiwaombe mafundisho, kwani wanayo mengi na watayatoa kwa furaha hadi usiku. Waulizeni wao walijuaje. Na muwaulize mume na mke wakiwa pamoja, maana mara nyingi mmoja atamsahihisha mwenzake.