Mvuvi Ahesabiwe Katika Uokoaji

Ndugu wananchi wa pwani ya Nyasa, pamoja nanyi mlio visiwani, mnalijua jambo ambalo wakubwa wetu wa ofisini huelekea kulisahau: barabara yetu kuu ni maji. Kuanzia Lituhi hadi Chiwindi, mgonjwa hupita majini, muhogo hupita majini, na bibi harusi pia.

Hata hivyo, tuzungumzapo usalama wa raia, picha itujiayo ni ya nchi kavu: askari polisi, gari jekundu la zimamoto, kituo chenye bendera. Vyote hivyo ni vyema na twavishukuru. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imewasogeza watumishi hao karibu nasi mno. Lakini lami huishia ufukweni. Toka Songea, yaliko makao ya mkoa, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150, na gari liende kasi iwayo yote, mtu aliyepinduliwa na wimbi hawezi kulingoja. Namba 114 ya zimamoto na uokoaji ni msaada mkubwa kwa nyumba inayoungua. Mvuvi wa usipa aliye majini saa nane za usiku, simu yake imekwisha kuloa.

Na ziwa hili halina mzaha. Kina chake chafikia takribani meta 700, na upepo wa kusini-mashariki wa katikati ya mwaka huinua mawimbi ambayo hata mabaharia wazoefu huyaheshimu. Mwaka 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi, zikapotea roho 145. Hiyo ilikuwa meli, si mtumbwi.

Basi ni nani afikaye kwanza? Tarehe 20 Septemba, 1918 haikuwa, bali 2018, yaani juzi tu, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, Ukerewe, kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Wenyeji wenye mitumbwi ndio waliotangulia kuwatoa wenzao majini. Giza lilipoingia, kazi ya uokoaji ikasimamishwa mpaka asubuhi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Wakafa 19, wakaokoka 24, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima, na Serikali ikaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ilikuwa haki kabisa kumtuza. Hoja yetu yaanzia hapo hapo. Kumtoa kijana mmoja mtumbwini na kumvika sare kwamfaa yeye, lakini kwawaacha wenzake palepale walipokuwa: bila jaketi okozi, bila kamba, bila mafunzo ya huduma ya kwanza, wala mtu wa kuwarudishia petroli waliyoichoma usiku kucha wakimtafuta mtoto wa jirani.

Tuliopitia chuoni kabla ya shule ya Serikali tulifundishwa habari ya faradhi ya kifaya: jambo ambalo wachache wakilitenda, jamii nzima huondokewa na deni, wasipolitenda, deni huwa juu ya wote. Mashekhe wetu walipotoa mfano, aghalabu walimtaja mtu anayezama. Wavuvi wametulipia deni hilo miaka mingi, nasi tumezoea.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 yataka pawepo kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Twauliza: katika kamati hizo za mwambao, mwenye mtumbwi wa injini yumo? Au wamo wale wale wa kila kikao? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuagiza kwamba wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Kufa maji ni mojawapo.

Hatuwatetei wavuvi na manahodha katika kila jambo. Wapo wajazao abiria hadi ubao wa juu kulamba maji, na wapo wavaao jaketi pale tu mkaguzi wa TASAC aonekanapo. Hao wachukuliwe hatua bila kuoneana haya, na ukaguzi usiishie gatini Mbamba Bay, bali ufike hata bandari ndogo za vijijini.

Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay. Vyombo vitaongezeka, na abiria pia. Kabla ya hapo Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa yaweza kuandikisha mitumbwi ya injini ya kila kijiji cha ufukweni, kuwafunza wenyewe kwa msaada wa Zimamoto na Polisi, kuwapa jaketi na kamba, na kutenga fungu la petroli ya uokoaji, lenye daftari na saini. Fungu hilo ni dogo kuliko posho za semina chache. Madiwani waliulizie katika kikao kijacho cha bajeti, na jibu lisomwe hadharani mialoni.