Rangi Ingoje

Nina neno juu ya jambo lililotugawanya sisi wa darasa la juu muhula huu mzima. Ndugu yetu mmoja wa zamani wa shule hii, ambaye sasa anafanya kazi Uingereza, amenunua motokaa ya michezo ya mwaka 1972, aina ya MGB, iliyokwisha kuliwa na kutu. Yeye mwenyewe hajapata kushika spana tangu azaliwe. Katika barua aliyomwandikia mdogo wake, ambaye ni mwenzetu darasani, asema kwamba ataipaka rangi nyekundu kwanza ili ipendeze na kumtia moyo. Mambo ya chini atayatazama baadaye, fedha zikipatikana.

Barua hiyo ilisomwa bwenini, na tangu usiku ule bweni limekuwa baraza. Wako wasemao kwamba ndugu yetu ana haki, kwa maana mali ni yake na moyo ni wake. Wako wasemao kwamba mtu asiye fundi asiguse kitu, ampelekee mwenye kazi yake. Mimi siko upande huu wala ule. Nasema kwamba mwanafunzi wa ufundi aweza kabisa kuitengeneza motokaa kama ile, lakini aanzie mahali pasipoonekana, na rangi iwe ya mwisho. Nitaeleza sababu zangu, na wasomaji wataamua.

Kwanza, kwa wale wasioijua, MGB ni motokaa fupi ya watu wawili, na ile ya kawaida haina paa la bati, ila turubai la kukunja. Ilianza kuuzwa mwaka 1962, nayo ilitengenezwa katika mji wa Abingdon mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Ukizihesabu pamoja na zile zenye paa la bati, ziitwazo GT, zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi zilipelekwa Marekani. Injini yake ina silinda nne, ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,798. Ndani yake hamna kompyuta hata moja. Ukifunua boneti waona kila kitu kwa macho: kabureta hizi hapa, plagi hizi hapa, feni hii hapa. Vipuri vyake vingali vinatengenezwa, na tangu mwaka 1988 hata bodi nzima mpya imewezekana kununuliwa, iliyopigwa kwa mitambo ileile ya zamani. Kwa hiyo wale wanaomcheka ndugu yetu kwa kuchagua motokaa hiyo wanamwonea. Kwa mtu anayeanza, si rahisi kupata mwalimu mwema kuliko huyo.

Lakini mwalimu huyo ana siri, na siri yake iko chini. Wengi wetu twaijua Land-Rover ya zamani. Ile ina fremu nene ya chuma, na juu ya fremu hiyo imewekwa bodi ya alumini. Hata ukiivua bodi yote, fremu yabaki na magurudumu yake. MGB haikujengwa hivyo. Haina fremu ya peke yake; mabati ya bodi yenyewe, yaliyokunjwa na kuunganishwa, ndiyo mifupa yake. Na kwa kuwa ile ya turubai haina paa la kuishikilia kwa juu, nguvu yake kubwa imo katika vile vizingiti viwili virefu vipitavyo chini ya milango, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kila kizingiti ni kama sanduku refu: pana bati la nje, bati la ndani, na bati jingine katikati likiligawanya sanduku. Mtu akipita barabarani huona bati la nje tu.

Sasa tukumbuke somo letu la kemia. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi hutuna kama lengelenge kabla ya kupasuka. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme upesi kuliko maji matupu, na kwa hiyo huharakisha kazi hiyo. Huko Uingereza wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gurudumu la mbele hulirusha tope lile la chumvi ndani ya bawa la motokaa, nalo hukaa juu ya bati la ndani na kuloana mwaka baada ya mwaka. Kutoka hapo kutu huteremka mpaka mwanzo wa kizingiti. Kwa hiyo lengelenge dogo ulionalo juu, lenye upana wa kidole gumba, ni mwisho wa habari ndefu iliyoanzia ndani.

Hapa ndipo rangi inapokuwa adui. Fundi asiye mwaminifu akikuta tundu katika kizingiti hulijaza puti, hulipiga msasa, na kulipaka rangi. Kwa macho ni kazi nzuri kabisa. Lakini puti haibebi mzigo. Tena kutu iliyofunikwa huendelea kula, na maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Motokaa ile yaweza kung'aa siku ya sherehe, na siku ya kugongana vizingiti vyake vikakunjika kama kopo la samaki. Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Naona kama waliisema kwa ajili ya vizingiti vya MGB.

Yupo aliyenijibu bwenini kwamba Uingereza ni nchi ya sheria, na kwamba mkaguzi wa serikali ataliona kosa. Zamani ilikuwa hivyo. Lakini tangu tarehe 20 Mei 2018 motokaa iliyopita miaka 40 hailazimiki kupelekwa katika ukaguzi wa kila mwaka, ilimradi haikubadilishwa sana katika miaka 30 ya nyuma. Motokaa ya ndugu yetu ni ya mwaka 1972. Basi hakuna atakayemlazimisha kuipeleka. Sheria yamtaka bado aiendeshe ikiwa salama, lakini hakuna ajaye kuinama na kutazama. Neno hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mahali pasipo mkaguzi, mkaguzi ni dhamiri ya mwenye kazi. Mtu aanzaye na rangi amekwisha kumfunga macho mkaguzi huyo.

Nitajibu sasa hoja ya moyo, maana si hoja ya kupuuza. Ni kweli kwamba kazi hii ni ndefu, na wengi huiacha katikati. Husikika mara nyingi kwamba motokaa yauzwa ikiwa vipande ndani ya masanduku, mwenyewe amechoka, hajui tena boliti hii ilitoka wapi. Lakini kisa cha kuchoka si kukosa rangi. Kisa ni kufungua vitu vyote kwa mara moja. Mwanafunzi akipata Jumamosi ya kwanza hung'oa injini, Jumamosi ya pili hung'oa viti na nyaya, na Jumamosi ya tatu hana motokaa tena, ana chungu ya vyuma. Dawa yake ni kushika jambo moja na kulimaliza kabla ya kufungua la pili. Leo breki za mbele, na zikiisha zimekwisha. Mwezi ujao breki za nyuma. Kila alichofungua akipige picha, boliti zake azitie katika mkebe, na mkebe aandike jina. Siku injini ikinguruma, au siku breki zikishika sawasawa, mtu hupata moyo kuliko wa rangi, kwa kuwa furaha hiyo haina uongo ndani yake.

Na hoja ya wale wasemao amwachie fundi? Hao nawaheshimu zaidi, maana wanahofia uhai wa mtu. Lakini kila fundi alikuwa mwanafunzi siku moja. Jambo la maana ni mwanafunzi kujua mpaka wake. Kubadili mafuta, kusafisha kabureta, kubadili mipira ya petroli, kukwangua kutu ya juu, hayo aweza kujifunza kwa kitabu na uvumilivu. Kuchomelea kizingiti ni jambo jingine. Ukikikata kizingiti cha MGB ya turubai bila kuishikilia bodi, yaweza kulegea katikati, na mlango usifunge tena kamwe. Yapasa kwanza kufunga vyuma vya kushikilia katika nafasi ya mlango, kuitegemeza motokaa chini ili uzito usiivute, na kutengeneza upande mmoja mpaka uishe kabla ya kugusa wa pili; na mlango ujaribiwe kufungwa kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Mwanafunzi ajizoeze kwanza kuchomelea vipande vya mabati mabovu wiki nyingi. Akiona mkono bado hautulii, amwite fundi kwa kazi hiyo moja, akae karibu na kutazama. Hiyo si aibu. Na kazi zote zikiisha, aipeleke motokaa katika ukaguzi kwa hiari yake, ijapokuwa sheria haimlazimishi.

Imebaki hoja ya mali. "Motokaa ni yake, afanye apendavyo." Ndiyo, ni yake. Lakini kiti cha pili si chake. Siku moja atakaa hapo mkewe, au mdogo wake aliyekwenda kumtembelea, ambaye leo ni mwenzetu. Na baada ya miaka michache motokaa itauzwa, na mnunuzi ataiona rangi nyekundu na kumwamini mtu asiyemjua. Barabarani pia wapo watu waendao kwa miguu, ambao breki zake zinawahusu. Mali ya namna hii haiwi ya mtu mmoja kabisa.

Kwa hiyo ningekuwa na nafasi ya kumshauri ndugu yetu, kwa heshima niliyo nayo kwa mkubwa wangu, ningemwambia hivi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaka, vaa nguo za kazi, uiname. Usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Iweke juu ya stendi imara, mahali pagumu, palipo sawa. Chukua bisibisi na taa, ugonge vizingiti, sakafu, na mahali panapofungwa springi za nyuma. Penye chuma kizima pana mlio mkali. Penye kutu au puti mlio ni mzito, na bisibisi huzama. Yainue mazulia utazame sakafu. Tazama nyuma ya viti, katika vishimo viwili vya betri, maana mwaka 1972 MGB ilikuwa na betri mbili za volti sita, na asidi huko husaidiana na maji kula bati.

Halafu breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na motokaa iliyosimama miaka mingi hupata kutu ndani ya silinda zake na kukwama. Yamwage ya zamani yote, na mipira iliyopasuka uitupe. Halafu petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko imetiwa hadi sehemu 10 katika 100 za alkoholi, nayo huila mipira ya zamani; ununue ile ya daraja la juu yenye alkoholi kidogo, na ubadili mipira, maana petroli ivujayo juu ya injini yenye moto haingoji mtu. Kabla hujachomelea kitu cho chote, toa nyaya za betri, na tangi la petroli uliondoe kabisa, uliweke mbali. Kila bati jipya litie dawa ya kuzuia kutu, na ndani ya sanduku la kizingiti mimina nta. Vitundu vya chini vya kutolea maji usivizibe. Hayo yote yakiisha, nunua rangi uipendayo, iwe nyekundu kama ulivyotaka. Wakati huo itakuwa imepakwa juu ya kweli.

Wenzangu wa kidato cha chini huuliza, ya nini kubishana juu ya motokaa iliyo mbali kiasi hiki, ambayo wengi wetu hatutaipanda? Nawajibu kwamba muhula ujao baadhi yetu tutatoka shuleni. Mmoja atajenga madarasa, mwingine atapima dawa, mwingine atashika vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika. Kila kazi kati ya hizo ina kizingiti chake kilichofichwa, na kila moja ina debe lake la rangi nyekundu. Katika siku ya kwanza ya kazi hatutakuwa na mwalimu wa zamu nyuma yetu. Afadhali tuanze kuzoea kuinama sasa, hata katika karakana yetu ndogo, ambako nimeona meza mbili zilizopigwa vanishi vizuri sana muhula huu, na miguu yake yatikisika.