Land Rover ya babu au gari la mjomba: mtoto atakaa wapi?

Ubishi ulianza kwenye chai ya asubuhi, nyumbani kwetu Kilosa. Tulikuwa tumekusanyika kwa arobaini ya bibi, na mchana baadhi yetu tulitakiwa kwenda Mikumi. Uani yalikuwepo magari mawili. Moja ni Land Rover 109 ya babu, iliyoingia kwenye familia kabla mama yangu hajaanza shule. La pili ni gari dogo la mjomba, lililoletwa kutoka Japani miaka miwili iliyopita likiwa limetumika.

Babu alisema gari ni chuma. Lake limevuka matope ya masika mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na likizima, fundi mwenye spana tatu analifungua chini ya mwembe. Haya ya siku hizi, alisema, ukigonga mbuzi bampa linabaki barabarani, na taa ikiwaka kwenye dashibodi unaanza kumtafuta mtu mwenye kompyuta.

Mjomba akacheka. "Shikamoo mzee, lakini hilo lako linakunywa mafuta kuliko trekta." Lake lina kiyoyozi, vumbi haliingii, breki hazifungi tairi likateleza, na mbele kuna mifuko ya hewa.

Kila mmoja ana wenzake wengi. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na wenye magari hayo waliandamana nayo mjini kwa fahari, mengine ya zamani kabisa. Na ukisimama barabarani pale Mikumi ukahesabu magari madogo yanayopita, utaona chaguo la mjomba ndilo chaguo la familia nyingi.

Dada yangu, aliyekuwa amempakata mwanawe wa miaka mitatu, aliuliza swali moja tu: "Na huyu atakaa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tukapanda gari la mjomba, kwa sababu ya vumbi.

Wenyeji wanajua, ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita Ulaya bila pasipoti. Tulikuwa tumekipita kijiji hicho tukicheka utani huo wa siku zote, mtoto akiwa kwenye mapaja ya mama yake siti ya mbele. Mbuzi akakatiza. Mjomba akakanyaga breki, na breki zikafanya kazi yake vizuri kabisa. Gari likasimama. Mtoto hakusimama. Alimponyoka mama yake, mdomo ukagonga dashibodi.

Alishonwa nyuzi mbili tulipofika Mikumi. Hatukuwa tunakimbia, na mbuzi hakuguswa.

Jioni niliingiza mkono nyuma ya kava za siti za gari lile. Vifungio vya mikanda vilikuwepo vyote vitatu, vizima, vimezikwa chini ya kava. Miaka miwili hakuna aliyevitoa.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo nilipoona babu na mjomba walikuwa wanabishania kitu kingine.

Ni kweli gari la kisasa lina mengi ya kulinda watu. Mkanda unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na magari mengi ya zamani yalitengenezwa kabla haujawa kitu cha kawaida. Hata bampa analolicheka babu lina sababu yake. Sehemu ya mbele ya gari jipya hubonyea makusudi ili imeze kishindo kabla hakijawafikia waliomo ndani. Chuma kisichobonyea hukipeleka kishindo kwa abiria.

Lakini hayo yote yanamsaidia aliyefungwa mkanda. Gari likigonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, nguvu yake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto hapo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kwa familia zetu za huku hili si jambo la mbali. Barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na tembo au nyani hapigi honi kabla ya kuvuka. Kufunga breki ghafla ni sehemu ya safari.

Kama gari lako ni la zamani, mweleze fundi afunge mikanda kwenye siti zinazotazama mbele, ikishikwa kwenye chasisi au kwenye chuma imara, si kwenye bati. Mtoto asikae kwenye mabenchi ya pembeni. Kagua bomba la moshi. Likivuja, hewa ya sumu isiyo na harufu inaweza kuingia ndani, na mtoto anayelalamika kichwa au anayelala kupita kawaida huenda hajachoka na safari.

Kama ni la kisasa, toa vifungio juu ya kava leo. Taa ya mifuko ya hewa ikiwaka na isizimike, usiizoee. Na usimweke mtoto mchanga siti ya mbele yenye mfuko wa hewa, wala usimpakate hapo. Mfuko ule hufunguka kwa nguvu inayoweza kumuua.

Kwa yote mawili: mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake, mpaka afikie urefu wa sentimita 135 hivi. Ukinunua kiti cha mtumba, kague nyufa na mikanda, na usichukue kilichowahi kupata ajali. Soma pia tarakimu nne ubavuni mwa tairi. Mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, na tairi linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umezeeka.

Wiki iliyopita nilimpigia babu simu. Amefunga mikanda miwili kwenye siti ya katikati, na anasema fundi alimaliza kazi kabla ya adhuhuri, chini ya mwembe uleule. Mjomba ameondoa kava zote.

Mdomo wa mtoto umepona, umebaki mstari mdogo. Sasa akipanda gari hakubali liondoke hajasikia "ka" ya mkanda wake, na babu akisahau wa kwake, anamgombeza.