Mama Naye Apige Kafi

Mara nyingi familia inapokwenda mapumzikoni, mama huhamisha jiko tu: wengine wanacheza, yeye anapuliza moto. Sisi tulipokwenda kupiga hema kisiwani Chole, Mafia, tulikubaliana tangu nyumbani: kupika ni kwa zamu, na kila mtu ataingia majini.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba na mwepesi, wa mtu mmoja au wawili. Kafi lake lina bapa pande zote mbili. Hauhitaji nguvu nyingi, ila utaratibu. Mtoto mdogo akae na mtu mzima, na kila mmoja avae jaketi okozi, hata ajuaye kuogelea.

Kwanza waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo huwa mkali. Hema nalo lisimame juu kabisa ya mstari wa mwani mkavu.

Watoto wakituona tukicheka majini, watalikumbuka hilo kuliko pilau.